Rozi Alipokuja Kulala Free Area

Kwanza ilisikika sauti ya kucheua. Meno yalisagana upande upande, polepole, kisha kimya kidogo tonge likipanda kooni, kisha meno tena. Wangeci aliitambua kabla ya kufumbua macho. Alikuwa amelala chali, mto mdogo ameukumbatia tumboni ili akikohoa mshono usivute.

Alipogeuza shingo, Rozi, ng'ombe wa mama yake, alikuwa amelala sakafuni kati ya kitanda na kabati, na baka lake jeupe usoni na pembe yake iliyokatika. Rozi alikufa kwao Dundori, si hapa Free Area mjini, Wangeci akiwa darasa la saba.

"Umekonda," Wangeci alimwambia, akafumba macho tena. Tangu atolewe kizazi, kuchana nywele tu kulimchosha kama kulima shamba zima. Lakini pumzi ya ng'ombe ilimfikia tumboni, ya joto, yenye harufu ya majani, na maumivu yakalegea.

Rozi naye alikuwa ametokwa na kizazi. Kilimtoka chote baada ya kuzaa, asubuhi moja ya ukungu. Mama yake Wangeci alikikinga kwa shuka lake mwenyewe la kitandani, jirani akaleta sukari ya kukinyunyizia kipungue uvimbe, daktari wa mifugo akakirudisha. Baadaye Rozi alifunikwa gunia mgongoni, na Wangeci mdogo akampelekea ndoo za maji ya moto yenye chumvi na pumba, mvuke ukimlowesha kidevu. Hakuna aliyemkamua. "Huyu ni mgonjwa," mama alisema, na hilo likatosha boma zima.

Jioni Mburu, mumewe, aliingia, akauruka mkia.

"Kumbe tuna ng'ombe."

"Ni wa kwetu."

"Anakamuliwa?"

Kesho yake Chepkorir, jirani wa mlango wa pili, aliwaambia wanawake wa kanisa. Miaka ya nyuma, Ciru, binti wa pekee wa Wangeci, alipozaliwa, wanawake hao walileta itega, zawadi za mzazi: kuni migongoni, maji, uji kwenye kibuyu. Walifua, wakapika, wakamkataza mzazi hata kushika ufagio. Tangu upasuaji hakuwa amefika hata mmoja. Sasa walifika wote, wakiimba, na mizigo ya nyasi za napia.

"Mama Ciru, uko poa? Hebu kunja miguu kidogo tumpitishie ng'ombe maji."

Wangeci alikunja miguu. Mshono ukavuta.

"Ni mzuri, na amechoka, maskini," mmoja alisema, akimpangusa Rozi macho kwa ncha ya leso. "Mpeni nafasi apumzike."

"Mimi nimelala hapa wiki ya tatu," Wangeci alisema.

Wanawake walitazamana. "Tungekuja, mama," yule wa leso alisema kwa upole. "Lakini mara hii hakuna mtoto mchanga. Tungekuja kuona nini?"

Wakamalizia wimbo, wakaenda. Kibuyu cha uji walikiacha karibu na mdomo wa ng'ombe.

Siku hiyo hiyo Mburu alianza kuulizia maziwa. Alijaribu kumkamua mwenyewe, akapigwa teke. Chepkorir alijaribu, akapigwa teke. Mburu akaja kusimama mlangoni na ndoo.

"Anakujua wewe, Mama Ciru. Amka kidogo tu."

"Daktari alisema nisiiname."

"Mshono si umekauka? Unadeka sasa. Maziwa yataharibikia ndani."

Hakuwa mtu mkali. Aliiweka ndoo kando ya kitanda, mahali ambapo mkono wa Wangeci ungeifikia bila shida, akasogeza na kigoda, akangoja.

Wangeci aliitazama ndoo. Ilikuwa ya bluu, kama ile ya maji ya chumvi. Akateremsha mkono, akaupitisha juu ya ndoo, akaulaza kwenye shingo ya Rozi, palepale alipozoea kumkuna.

"Rozi," alisema kwa sauti, Mburu akisikia, "mimi sitaamka mpaka uamke wewe."