Kisima cha Kondeni

Bi Time alikuwa ameshachagua mahali. Kisima cha sadaka kwa ajili ya marehemu mama yake kingechimbwa ufukweni, kijijini kwao Pemba, kwa mashine, tena kirefu. Aliyekataa ni bintiye Afra, na kazi ya Afra ndiyo hiyo hasa: katika ofisi moja ya London anafuatilia maji yanavyokwenda chini ya ardhi.

Walizungumza jikoni kwao Walthamstow, Jumamosi, mboga za sokoni bado zimo mifukoni.

"Mama, pale utapata chumvi."

"Umetoka Pemba una miaka sita, utanambia nini? Bahari ikipwa sana tulikuwa tukifukua mchanga kwa mikono, yanatoka maji matamu. Mama akichota kwa kata mpaka ndoo inajaa. Nimeyanywa mimi."

"Sikatai, Mama."

Afra akamweleza. Mvua ya kondeni, huko juu mashambani, huzama ardhini, ikasafiri chini kwa chini kuelekea baharini. Maji hayo ni mepesi kuliko ya bahari, basi hupita juu yake mpaka yatokee mchangani. Lakini yakifika ufukweni yamebaki tabaka jembamba. Anayechota kwa kata hupata matamu. Anayeteremsha bomba refu na kuvuta kwa pampu huivuta bahari iliyo chini yake.

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa mwongo?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

Bi Time akaenda chumbani. Kwa siku tatu alimwitikia bintiye salamu, basi.

Afra hakubishana tena. Alimpa msafiri mmoja kifaa kidogo cha kupimia chumvi ya maji amfikishie Sultan, mtoto wa kaka yake Bi Time, aliyekuwa asimamie uchimbaji. Sultan alipima visima viwili: kimoja cha zamani karibu na ufukwe, kingine cha jirani huko kondeni. Jumapili iliyofuata akapiga simu ya video.

"Shangazi, hiki cha pwani tulipowasha pampu maji yalikuwa mazuri. Baada ya nusu saa hayanyweki. Cha kondeni tumevuta tangu asubuhi, hayajabadilika."

"Hebu onja hayo ya pwani nikuone."

Sultan akaonja mbele ya simu, akatema.

Bi Time akaisogeza simu karibu na uso. Kisha akasema, "Kondeni ni mbali. Wanawake watatembea na ndoo vichwani?"

"Tutalaza bomba mpaka kijijini," Afra akajibu kando yake. "Ila pampu itawashwa asubuhi na alasiri tu. Tukivuta kutwa kucha, chumvi itapanda hata huko."

"Sadaka ya mama yangu ifungwe kama duka?"

"Ndiyo, Mama."

Kisima kilichimbwa kondeni, Februari. Wiki za mwanzo watu walinung'unika, na mara mbili Sultan alikuta kufuli ya pampu imevunjwa. Akanunua kubwa zaidi. Mwaka ukapita, kipimo kikasoma vilevile.

Agosti Bi Time na Afra wakaenda kukiona. Saa sita mchana, bombani, mama mmoja mwenye madumu mawili alilalamika kwamba maji yamefungwa ilhali kisima kimejaa.

"Mwanangu, chini ya maji haya kuna bahari," Bi Time akamwambia, akamweleza yote, mvua na tabaka na pampu, kwa sauti ya mtu aliyeyajua hayo tangu utotoni.

Afra alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikiliza mpaka mwisho.