Nyuma ya Ungo

"Usiangalie kwanza, mama," Faustina alisema, akimshika Catherine bega. "Haya, sasa."

Catherine aliinua macho akajiona kwenye picha ukutani, mkubwa kuliko alivyo. Ungo uko juu, pumba zimetapakaa hewani kama moshi, naye anacheka meno yote nje. Hapakuwa na rangi. Kitenge chake cha kijani kilikuwa kijivu, na lile vumbi la mashine ya kukoboa, linalomkereketa koo kila siku, lilikuwa linang'aa.

"Watu wanaipenda kuliko picha zote za maonyesho haya," Faustina alisema. "Akifika hapa mtu anasimama."

Catherine alitabasamu. Alikuwa ametoka Ubaruku na basi la alfajiri, na mumewe Magesa ndiye aliyemsukuma aitikie mwaliko wa Faustina. "Nenda Iringa ukaone watu," alimwambia. "Tangu msiba hujatoka hata kwenda Rujewa." Faustina hakujua habari za msiba. Alikuja na kamera yake ya filamu msimu wa mavuno uliopita, akapiga picha asubuhi moja pale mashineni, akaendelea na safari yake.

Catherine alisogea karibu aone kama vidole vyake vilionekana vibaya. Hapo ndipo alipomwona, nyuma ya ungo, kando ya rundo la magunia. Mgongo mdogo. Sweta iliyochanika kiwikoni. Mguu mmoja umeinuliwa.

"Huyu," alisema.

"Yupi? Aa, huyo mtoto! Wakati napiga wala sikumwona. Nimekuja kumwona nilipoisafisha filamu. Nikaona anaipendezesha, nikamwacha."

"Ni Seni. Mwanangu."

"Jamani! Hajambo? Ameshaanza shule?"

Catherine aliendelea kuutazama ule mgongo mdogo. Asubuhi ile Faustina alikuwa akimwambia, rusha tena, mama, tena kidogo, tazama huku, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba leo amekuwa bibi harusi. Aliona raha kutazamwa. Alipoweka ungo chini ndipo alipomwita mwanawe, na hakuna aliyeitika. Mpaka leo Magesa huuliza, alipita wapi? Naye humjibu, labda nyuma ya mashine, labda wakati nimefuata gunia.

Kumbe alipita hapa hapa.

"Alikuwa anaenda mferejini," alisema. "Ni siku ile ile, dada. Walimtoa majini mchana, wewe umeshaondoka."

Faustina alifunika mdomo. Kisha akaishika fremu kwa mikono miwili aitoe ukutani.

"Iache."

"Mama, nisamehe. Sikujua. Siwezi kuiacha hapa."

"Iache. Hatuna picha yake nyingine." Catherine aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusumbua, "Hukupiga tena baada ya hii? Ambayo amegeuka?"

"Filamu iliishia hapo, mama. Ni hii tu."

Catherine aliitikia kwa kichwa. Aliweka kidole juu ya kioo, penye ule mgongo, akakibakiza pale. Nje, pikipiki za mtaa wa Mlandege zilikuwa zikipiga honi. Faustina alisimama kando yake, mikono imelegea, hana pa kuipeleka.

Wanafunzi wa chuo waliingia wakicheka, wakapita picha mbili tatu, wakakwama hapo.

"We! Si ndiye huyu mama mwenyewe?" mmoja alisema. "Mama, shikamoo! Tupige picha na wewe, tafadhali."

"Jamani, hapana," Faustina alianza.

"Marahaba," Catherine alisema. "Pigeni tu."

Walijipanga mbele ya picha, simu ikainuliwa. Msichana mmoja alimshika mkono amweke katikati yao. Catherine aligeuka akatazama ukutani, akapima kwa jicho, kisha akajiondoa taratibu na kusogea pembeni, mpaka pale penye ule mgongo mdogo, kando ya magunia, pakabaki wazi.

"Mama, rudi huku kidogo! Unakatwa!"

Alibaki hapo hapo.