Bei Iliyopita Dirishani

Watu wa Naitiri wakiniuliza nilijifunza wapi kuuza, nawaambia kanisani. Si uongo. Kui, msichana wa Kibomet kule Kitale, alikuwa akija kila Jumanne kutufundisha biashara ndani ya kanisa letu la Friends, sisi wakulima wa vitunguu tukiwa tumejazana kwenye mabenchi kama watu wa harusi. Alikuwa mdogo kuliko kitindamimba wangu, na siku ya kwanza nilimdharau. Mtoto wa juzi atanifundisha nini mimi Rispah, niliyeshika jembe kabla mama yake hajaolewa?

Alinifundisha, na mgala muue na haki yake umpe. Kabla ya Kui kila mtu alikuwa akimuuzia dalali peke yake. Dalali alikuja na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, likabeba gunia na nusu kwa bei ya gunia moja, na bado tukamwambia asante. Kui alituonyesha kilo moja ya kitunguu inatugharimu nini mpaka itoke shambani. Akatuambia tuuze pamoja, tena kwa mizani. Kisha akaingia kwenye mambo ya kujadili bei.

"Mtazame mnunuzi machoni," alisema. "Mshike mkono kwa nguvu. Ukishataja bei yako, nyamaza."

Tukafanya mazoezi, Kui akiwa mnunuzi. Wa kwanza kuuza alikuwa Wabwile, mwenyekiti wetu. Kui akaguna tu, Wabwile akashusha bei. Kui akakohoa, akashusha tena. Mwishowe aliongeza kuku wa bure, na kanisa zima likacheka. Zamu yangu ilipofika nilimtazama Kui mpaka akajifanya anatafuta kalamu. Siku hiyo hiyo kikundi kikaniteua mimi niwe muuzaji wao.

"Mama Viola ako na macho ya askari," Wabwile alinung'unika, akiniita kwa jina la binti yangu. "Lakini kule Kitale si kanisani, bana."

Mnunuzi tuliyempata alikuwa kampuni moja ya Kitale yenye stoo kubwa. Kui alikuwa akizungumza kwa simu na mtu wao wa kununua mazao, Bwana Wamalwa. Kwetu Bungoma ukiita Wamalwa sokoni wanageuka wanaume kumi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni Wamalwa yupi. Hilo ndilo lililotuponza.

Wakati huo vitunguu vilikuwa vimeshang'olewa, vimelala vibandani, na mvua ilikuwa imeanza kutisha. Dalali naye alikuwa ameegesha lori lake pale senta, akisema atamlipa pesa taslimu yeyote atakayemjia. Wenzetu walituambia waziwazi: mkirudi bila bei, kesho kila mtu anauza yake. Nilijua hapo kikundi kimekufa, na sisi tutarudi kwenye lumbesa tukiwa wajinga kuliko mwanzo.

Tulienda watatu, mimi, Kui na Wabwile. Tulipitia sokoni kwanza nikauliza vitunguu vinauzwaje kwa jumla. Shilingi themanini kwa kilo. Basi nikaweka mfuko wetu wa vitunguu vya kuonyesha mlangoni, nikaingia kwenye ofisi ile kidevu juu, mkono nimeunyoosha tayari.

Nyuma ya meza alikuwa amesimama Derrick Wamalwa, mume wa binti yangu Viola.

Sisi Wabukusu tuna heshima yetu. Mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawasemezani moja kwa moja, wala hawatazamani usoni, mpaka siku mkwe atakapoleta blanketi na kondoo, wafunguliwe mikono mbele ya jamaa. Derrick alikuwa bado hajaleta. Viola alikuwa ameniambia mume wake amepata kazi stoo fulani Kitale, nami nikadhani anabeba magunia. Mama mkwe hachunguzi mambo ya mkwe wake.

Nilijifunika leso kichwani nikageuka mbio. Nyuma yangu nilisikia kiti kikianguka, na Derrick akiruka nyuma ya mifuko ya mbolea.

"Mama, ni mwizi?" Kui aliniuliza huko nje, macho yamemtoka.

"Ni mkwe wake!" alisema Wabwile. Alifurahi mno, Mungu amsamehe. "Sasa hapo imekwisha. Hawezi kuingia. Wacha mimi niende niongee na huyo kijana. Biashara haigombi."

Nilimwona Wabwile akijipangusa viatu, nikamkumbuka yule kuku. Damu ilinichemka. Nyumba arobaini zilikuwa zimenikabidhi jasho lao, halafu liende hivi hivi kwa sababu ya mlango?

"Wabwile, kaa chini," nilisema. "Heshima inanizuia kuingia. Haijanizuia kuuza."

Nilivuta kreti ya soda nikaiweka chini ya dirisha la ofisi, nikaketi, mgongo ukutani. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamwambia Kui asimame mlangoni, mahali anapoweza kutuona wote wawili.

"Kui mwanangu, mwambie huyo bwana sisi wa Naitiri tumeleta vitunguu. Muulize yeye anatoa ngapi."

Kui akafungua mdomo, lakini Derrick alikuwa amesikia kila neno.

"Madam, mwambie mama..." Sauti ilitoka nyuma ya mifuko ya mbolea. "Mwambie natoa tisini."

Wabwile aliruka akapiga makofi. Tisini! Hata ndotoni hatukuwahi kuitaja. Mimi moyo uliniuma. Sokoni ni themanini, na huyu anataka kuninunua kwa tisini, kwa pesa ya mwajiri, kwa sababu ananiogopa.

"Mwambie ashushe," nilisema.

"Ati nini?" Wabwile alishika kichwa. "Mama Viola, umerogwa?"

"Mwambie hiyo ni bei ya ukwe, na mimi sijaleta ukwe hapa. Nimeleta vitunguu. Akilipa tisini, mwezi ujao mkubwa wake anamfukuza, binti yangu anarudi kwangu na watoto, na sisi msimu ujao hatuna mnunuzi. Mwambie asahau mimi ni nani. Afanye kazi yake."

Kui alikuwa ananitazama kama mtu aliyepanda mbegu akasahau ni ya nini. Kisha nikasikia kiti kikiinuliwa na mtu akiketi vizuri. Sauti iliyotoka dirishani sasa ilikuwa ya mwanamume aliye kazini.

"Basi mwambie sitini. Na walete wenyewe mpaka hapa."

Nilitabasamu ndani ya leso yangu. Afadhali.

"Mwambie sabini na tano, na lori lake lije Naitiri."

"Mwambie sabini na tano ni mingi. Hiyo kitunguu ya mvua inaoza haraka."

"Yetu imekaushwa kibandani. Mwambie achukue hiyo mfuko nimeweka mlangoni, apasue moja aone."

Nikasikia kisu, nikasikia kitunguu kikigongwa mezani. Hakusema kitu. Nami nikanyamaza. Kui alikuwa ametufundisha kunyamaza, lakini mnunuzi akikutazama ni kazi ngumu, uso unakusaliti. Uso wangu ulikuwa umetazama barabara na hakuna aliyeuona. Nilinyamaza nikahesabu punda waliobeba maji wakipita. Wabwile alitaka kusema, nikamkanyaga mguu. Ndani, kalamu ilikuwa inabofyabofywa.

"Mwambie sabini," sauti ilisema mwishowe. "Lori nitatuma."

"Sabini nakubali, lakini mizani iwekwe mbele yetu, lumbesa nisione, na aandike kwamba msimu ujao pia ananunua."

"Nitaandika," Derrick alisema, akasahau kumpitishia Kui.

Kui alileta karatasi nje, nikaisoma yote, nikaitia sahihi juu ya goti. Wabwile aliitazama ile sahihi kwa muda, akavua kofia.

"Mama Viola," alisema, "mimi ningetoa na ng'ombe."

Tulipokuwa tunaondoka, Derrick aliita kutoka ndani: "Madam, mwambie mama Desemba nakuja na blanketi na kondoo."

"Mwambie blanketi iwe nzito," nilijibu. "Na akiinunua, asikubali bei ya kwanza."

Lori lilikuja na mizani yake. Dalali alikaa pale senta mpaka jioni, akaondoka na lori tupu, na wanawake wetu wakamsindikiza kwa nyimbo.

Desemba Derrick alikuja. Jamaa walikusanyika, kondoo alichinjwa, blanketi nikafunikwa mabegani, na ilikuwa nzito kweli. Kui alikuwa amealikwa, ameketi mbele kabisa. Basi nikaunyoosha ule mkono ambao Kitale sikuweza kuutoa, nikaushika wa mkwe wangu kwa nguvu, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu.

Yeye ndiye aliyeangalia chini.