Barua ya Polly, Kadi ya Mary

Kadi ya ukaazi ya yaya aliyekuja kuomba kazi ilisema Mary Atieno. Barua ya sifa aliyokuja nayo ilisema Polly, mwanzo hadi mwisho: Polly ni mwaminifu, Polly amewalea watoto wetu miaka sita, Polly tutamkosa. Chini pametiwa saini ya mwanamke wa Kiingereza aliyekwisha rudi kwao.

"Kaokota barua ya mtu," akasema mume wangu, Harub. "Nakwambia, Jawaher, huyu siye."

Na Jumapili, ambayo huku ni siku ya kwanza ya kazi, ndiyo ninaanza mtaa wa Al Khuwair, ofisi ya kwanza maishani mwangu, baada ya miaka mitatu ya masomo ya jioni. Pasipo yaya, hakuna kazi. Lakini mtoto wangu wa miezi tisa, akifanywa kitu, atakusimulia? Nikamwambia Atieno aje Alhamisi tujaribu. Kadi yake nikaipiga picha, mbele na nyuma.

Jumanne jioni, darasani mtaa wa Hamriya, nilimuuliza mwalimu wetu wa Kiingereza, Philip, Mkenya wa Kisumu anayecheka kabla ya kujibu.

"Polly ni Mary," akasema.

"Vipi? Kwetu Dulla ni Abdalla, Mudi ni Mohamed. Ukisikiliza, unamsikia mwenyewe yumo ndani. Huyu Polly ana Mary wapi?"

Akachukua kalamu. Zamani, akasema, majina ya Waingereza yalikuwa machache; kijiji kimoja akina Mary kumi. Ukimwita mmoja, wanageuka wote. Basi Mary mmoja akawa Molly. Halafu watu wakaibadili ile sauti ya mbele kwa mchezo, kama watoto wanapoimba: Molly, Polly. Margaret akawa Meg, Meg akawa Peg, na Peg akawa Peggy. William, Will, Bill. Robert, Rob, Bob. Ukikutana na wa mwisho hujamjua wa katikati, utakataa kuwa ni ndugu.

"Mwalimu, husemi hivyo kwa kuwa ni Mkenya mwenzako?"

Darasa zima likacheka.

"Dada yangu, fungua kamusi. Mimi sitakuapia."

Kamusi nayo ikasema vilevile. Nikarudi nyumbani nimeridhika na jina. Na mtu, je? Hata mwizi anajua kusoma kamusi.

Alhamisi akaja saa mbili kamili asubuhi. Nikamkabidhi mtoto. "Huyu Kibibi. Saa nne ana dawa ya kifua, kijiko kimoja. Chupa iko juu ya friji." Kisha nikamwambia naenda sokoni, nikashuka, nikajikunja garini chini ya jengo letu, macho kwenye saa. Saa nne na robo nikapanda. Sikubisha hodi.

Kibibi alikuwa mgongoni kwa Atieno, amefungwa kanga yangu, anakohoa. Chupa ilikuwa mezani, kifuniko hakijaguswa.

"Hujampa dawa?"

"Sijampa, mama. Na nimekupigia mara tatu."

Kweli. Simu nilikuwa nimeizima sauti.

"Chupa imeandikwa Sayyida Harub," akasema. "Wewe umeniambia mtoto ni Kibibi. Huyu Sayyida ni nani?"

"Ndiye huyohuyo."

"Huyohuyo nani?"

"Huyo... uliyemsoma hapo."

"Si umtaje basi."

Siwezi. Sayyida ni jina la mavyaa wangu, mama yake Harub, na mimi kwetu nimelelewa hivyo: mkwe hatajwi kwa jina, hata kama jina hilo amepewa mwanao. Ndiyo maana tangu alipozaliwa mimi namwita Kibibi.

Atieno alirudi nyuma hatua moja, mkono mmoja ameupeleka mgongoni kumshika mtoto. "Mama mzazi na hawezi kutaja jina la mtoto wake? Hapana. Niitie mtu wa kulitaja, ndio nitoe dawa."

Nikasimama jikoni kwangu mwenyewe, natazamwa kama niliyeingilia dirishani. Lile jicho nililijua. Ndilo nililomtazamia yeye wiki nzima. Nikampigia mavyaa, nikaweka spika.

"Mama, mwambie huyu dada jina la mtoto."

"Kwani we umelisahau?" Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Sayyida ndimi, mwanangu, na huyo mtoto ni somo yangu, kapewa jina langu. Huyo mama yake ananistahi tu, ulimi wake mzito. Hebu mpeni dawa, nnamsikia anavyokohoa!"

Atieno akaisoma chupa tena, akapima kijiko, akampa. Alipomaliza kumfuta mdomo ndipo akasema, hanitazami: "Kule kwa wale Waingereza, mama mwenye nyumba alikuwa Mary. Mzee akiita, tunaitika wawili. Ndio wakanipa Polly. Nilidhani mnajua."

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimeshavaa abaya yangu mpya, akanizuia mlangoni na karatasi.

"Andika wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Majina yote, ya kadi na ya nyumbani. Mwingine akija, simfungulii."

"Hata baba yake?"

"Aandikwe."

Nikamwandika Harub. Nikaandika Bibi, na kando yake, baada ya kusita kidogo, Sayyida. Kalamu haina haya kama ulimi. Nikampa karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akaibandika kwenye friji. Nikashuka kwenda kazini.