Nani Ashike Pampu

Itangazwe kwa wote, wa karibu na wa mbali, kwamba mimi, kifungua mimba wa nyumba yetu, mwanafunzi wa bweni na mjuzi wa fizikia, nilirudi likizo ili kuiokoa karakana ya baba yangu. Baba alinitazama kuanzia tai hadi viatu, akanikabidhi ufagio.

Karakana yetu hupima mitungi ya kuzimia moto. Mtungi hujazwa maji pomoni, hufungwa kifuniko chenye bomba, kisha mtu husukuma mkono wa pampu huku sindano ya geji ikipanda. Mtungi mzima hutulia. Mbovu hutoa machozi. Tunatumia maji kwa sababu maji yakipata upenyo hukutemea mate tu, ilhali hewa ingekung'oa kichwa. Na huyo mtu wa kushika pampu, tangu nilipofikia kimo cha meza ya kazi, nilikuwa mimi.

Sasa alikuwa mdogo wangu wa kike. Yeye hakwenda bweni. Kila akitoka shule alipitia karakana, na mhula mmoja ulimtosha kuninyang'anya mkono wa pampu. Baba alimwita fundi. "Fundi, hebu sikiliza vali hii." "Fundi, umekula?" Mimi aliniita mheshimiwa, wala hakuwa ananisifu. Kila "fundi" iliyomtoka iliniingia kama mchanga jichoni.

Shida ya karakana ilikuwa mpira wa kuzibia, ile pete inayokaa kati ya kifuniko na mdomo wa mtungi. Ilikuwa ikikatika kila mara, kazi inasimama. Baba alitaka ya kutumika tena na tena.

"Nendeni dukani, kila mtu achague yake," alisema. "Itakayodumu, mwenyewe ndiye atashika pampu likizo nzima. Mwingine atatufagilia."

Nilichagua pete nyeusi, nene, laini kama shavu la mtoto, nikamhutubia muuzaji kwamba kilicho laini hujaza kila upenyo. Mdogo wangu alichukua pete ya njano, ngumu kama ukwato, yenye mfereji upande mmoja.

"Hiyo ni ya kuzibia au ya kuvaa mkononi?" nilimuuliza njiani.

"Huu mfereji unaangalia maji, kaka. Maji yakiingia humo, kingo zinatanuka, zinabana. Presha ikizidi, nazo zinazidi kubana."

"Nani kakwambia?"

"Muuzaji. Nilimuuliza ulipomaliza kuhutubia."

Pete yangu ilianza kazi kwa heshima zote. Kabla jua halijapanda vizuri ilikuwa imetafunwa: presha iliisukuma kwenye mwanya kati ya vyuma, vyuma vikaimega. Baba aliinyanyua kwa vidole viwili kama mkia wa panya.

"Mheshimiwa, yako imeliwa."

Pete ya njano ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na kila ikitoka ilikuwa nzima kama ilivyotoka dukani. Ukabaki mtungi mmoja mkubwa, wa presha kali kuliko yote. Mdogo wangu aliuandaa, akaweka pete yake, akaegesha kifuniko bila kukikaza, kisha yeye na Baba wakatoka kunawa wakale.

Hapo ndipo sayansi iliponihitaji. Niliinua kifuniko, nikaigeuza ile pete mfereji uangalie juu, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Sikuikata, sikuikwaruza. Mimi ni mtu wa maadili.

Waliporudi, walikaza kifuniko, wakafuta maungio kwa kitambaa kikavu ili tone likitoka lionekane, wakainama karibu kutazama. Ndivyo kazi inavyofanywa. Mdogo wangu akasukuma pampu. Sindano haikufika hata robo. Maji yalichanua kama feni, yakaijaza miwani ya Baba, yakamwingia mdogo wangu kwenye kola, yakalowesha kalenda ukutani.

Mdogo wangu aliachia pampu. "Labda nilichagua vibaya, Baba," alisema polepole. "Labda haifai."

Baba akamwekea mkono kichwani, maji yakiwatiririka wote wawili. "Pole, fundi. Tuangalie kwanza."

Hebu fikiria. Mimi yangu ilipoliwa nilipewa mkia wa panya; yeye kaogesha karakana nzima, kapewa mkono kichwani.

Baba alifungua kifuniko, akachungulia. "Fundi, uliiweka hivi, mfereji juu?"

"Hapana."

Akavua miwani, akaifuta. Akatazama sakafu iliyolowa, meza iliyolowa, binti aliyelowa. Kisha akatazama nyuma ya kabati la vyuma, nilikokuwa nimesimama na tai yangu kavu.

"Mheshimiwa, unafanya nini huko?"

"Nafagia, Baba."

"Ufagio huu hapa. Umelowa." Akaunyanyua nione. "Tangu asubuhi umemsimamia mwenzio begani, unamkosoa kila akishika spana. Mtungi mkubwa kuliko yote ukaenda kuutazamia nyuma ya kabati?"

Nilitoka nyuma ya kabati.

"Nimeigeuza mimi," nilisema. "Mlipokwenda kunawa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nzuri kuliko yangu, Baba. Ingedumu."