Kipimo cha Mkwe

Mpima ardhi mstaafu aliwagawa binadamu mafungu mawili: wanaojua tofauti ya skeli na geji, na mbumbumbu. Fungu la kwanza, kwa hesabu zake, lilikuwa na mtu mmoja tu, naye alimwona kila asubuhi kwenye kioo cha kunyolea.

Chumba cha kulia chakula alikwisha kukinyakua zamani. Juu ya meza ya watu wanane palikaa stesheni, daraja, vilima vya plasta na reli iliyozunguka yote, treni ndogo ikipita humo kwa umeme. Familia ilikula jikoni, sahani mapajani. Mgeni aliyethubutu kusema, "Kumbe mzee una vitu vya kuchezea," alikuwa amejitakia somo.

"Geji ni nafasi kati ya reli na reli. Basi. Skeli ni ukubwa wa kila kitu: mlango, mtu, ngazi, behewa. Hapa kila kitu ni kidogo mara themanini na saba kuliko cha kweli. Umeelewa? Hujaelewa. Kunywa chai yako."

Kwenye jukwaa la stesheni alisimama mkuu wa stesheni, kimo chake hakizidi fundo la kidole: suti ya kijivu, miwani, bendera ya kijani juu. Mzee alimpaka rangi kwa mkono wake, na aliyetazama vizuri aliijua ile miwani ni ya nani.

Sasa binti yake wa pekee alitaka kuolewa na kinyozi. Binti mwenyewe, kwa heshima ambayo mzee hakuistahili, alisema hataolewa bila neno la baba. Hapo mzee akavimba kichwa. Jioni moja jikoni, mke na binti wakisikia, akampa kinyozi mtihani.

"Niletee injini ya kipimo changu, milimita kumi na sita na nusu. Ukiipata, binti ni wako. Ukikosea, rudi kwenye mashine zako za kunyolea."

Alikuwa na hakika atakosea. Mtu ambaye hesabu zake zinaishia kwenye mashine namba mbili angejua nini?

Kinyozi aliagiza, akangoja, akaja mchana mmoja na injini imeviringishwa kwenye taulo jeupe la kazini. Wakaiweka relini, binti akitazama. Magurudumu yalikaa sawasawa, hayakucheza hata kidogo, na mzee alipowasha umeme injini ikaondoka taratibu bila kuyumba. Ila ilikuwa kubwa. Bomba lake la moshi lilipita paa la stesheni, na dereva aliyekaa dirishani, angeshuka, angeingia mlangoni kwa kutambaa. Ilipofika jukwaani ikamkumba mkuu wa stesheni, akaanguka kifudifudi, bendera na yote.

"Samahani, mzee," kinyozi akasema, akamsimamisha tena kwa ncha ya kidole. Haikujulikana alikuwa anamwambia mzee yupi.

Mzee akazima umeme. Alikuwa na furaha ambayo mkewe hakuiona hata siku ya arusi yao.

"Umeniletea jitu. Hii ni ya skeli nyingine kabisa, moja kwa arobaini na nane. Reli imeikubali kwa sababu reli haina macho. Mimi ninayo. Chukua mzigo wako."

Kinyozi akainamisha kichwa, akaanza kukunjua taulo. Binti akamshika mkono.

"Iache hapo. Baba, milimita kumi na sita na nusu ni nini?"

"Ni geji," mzee akajibu upesi, kwa mazoea yake ya kuwajibu wajinga.

"Na wewe ulisema akuletee nini?"

Mtu aliyewafedhehesha wageni wa watu kwa kosa hilihili alikuwa ametaja geji akaiita kipimo, na skeli hakuigusa kabisa. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na kioo.

"Nilimaanisha skeli. Mwenye akili angeelewa."

"Ulichomaanisha kilibaki kichwani mwako, baba. Yeye angekipima na nini?"

Neno la kumwokoa lilikuwa moja, nimekosea, na alilijua. Lakini koo lake neno hilo halikuwahi kulipita. Alichotoa ni hiki:

"Haiingii kwenye stesheni yangu."

Mkewe, aliyekula na sahani mapajani miaka yote hiyo, alikuwa amesimama mlangoni. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu, ulisema unangoja neno la baba yako. Neno lilishatoka, sote tulilisikia, na kipimo alichokitaja ndicho hicho. Mpigie shangazi yako simu aje tupange siku. Mkwe, karibu sebuleni."

"Na mimi?" mzee akauliza.

"Wewe baki upime."

Wakatoka. Sebuleni vikombe vikagongana, mtu akacheka, na hakuna aliyerudi kumwita. Mzee akamchukua mkuu wa stesheni, akamsimamisha kando ya injini, akainama kutazama. Yule mkuu hakumfikia dereva kifuani. Bendera ya kijani bado ilikuwa juu, inatoa ruhusa, na dereva alikuwa anatazama mbele.