Nusu ya Neno la Siri

Katika wodi ya wazazi kuna kabati la dawa kali lenye makufuli mawili. Ufunguo mmoja anao mkunga mkuu, wa pili anao msaidizi wake, na hakuna anayeweza kulifungua akiwa peke yake. Kwa kabati, utaratibu huo ni wa busara. Balaa ilianza pale metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima, alipoupenda kupita kiasi akataka uingie hadi kwenye kompyuta.

Chanzo kilikuwa ratiba ya zamu. Mkunga mkuu alijifundisha programu ya eksel mwenyewe, akatengeneza makro: unabonyeza kitufe kimoja, kompyuta inapanga nani aingie asubuhi, nani jioni, nani akeshe. Wodi nzima ilimsifu. Halafu mtu asiyejulikana akaingia ndani ya zile amri zinazoiendesha makro akazichezea, na ratiba zikaanza kutoka kombokombo, wengine wanakesha mfululizo na wengine usiku wanausikia kwa jirani. Mkunga mkuu akamshuku msaidizi wake. Msaidizi akamshuku mkunga mkuu. Ikawa wanasalimiana kwa kidevu.

Metroni alisikiliza pande zote mbili, akakata shauri. Amri zifungwe kwa neno la siri, nusu aijue huyu, nusu aijue yule, na ratiba ya kuandikwa kwa mkono asiione tena mezani kwake.

Basi wakaketi mbele ya kompyuta ya ofisi ya wodi. Mkunga mkuu akaandika nusu yake huku msaidizi akitazama bango la kunawa mikono ukutani. Kisha wakabadilishana viti, na mkunga mkuu naye akalisoma lile bango kwa bidii, kana kwamba maisha yake yote hajawahi kunawa. Kwenye skrini zilionekana nukta nyeusi tu.

Mtu mwenye akili zake angechagua jina la mtaa aliozaliwa, au la paka. Mkunga mkuu akili anazo, ila siku ile alikuwa na hasira, na hasira hasara. Msaidizi wake amejaliwa sauti. Akiagiza shuka mlangoni, vichanga vya kitanda cha mwisho vinaamka. Nyuma ya mgongo wake wauguzi walimwita King'ora, na jina hilo, tusifichane, alilianzisha mkunga mkuu. Vidole vyake vikaandika kingoranyamaza. Alicheka kimoyomoyo mpaka saa ya kutoka kazini.

Miezi ikapita. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, akakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mkunga mkuu amepokea watoto wa watu tangu ujana wake, na sasa alikuwa na ombi moja tu duniani: wa kwake ampokee mwenyewe, hata kama ni kwa kusimama pembeni na kushika taulo. Akaomba likizo, akapewa, akapanda basi.

Hakuwa amemaliza hata kufungua begi simu ikaita. Alikuwa metroni.

"Ratiba yako imeharibika," alisema bila hata salamu. "Muuguzi mmoja amehamishwa, ameletwa mwingine. Kompyuta bado inampanga yule aliyeondoka. Jana jioni wodi ilibaki na mtu mmoja."

"Majina yamo ndani ya makro, metroni. Lazima zile amri zifunguliwe."

"Basi mpe mwenzako nusu yako. Ratiba ikitoka leo, kaa na mwanao. Isipotoka, kesho nakuhitaji hapa."

Mkunga mkuu aliishusha simu mapajani. Binti yake, aliyesikia yote, alikuwa anazunguka meza ya sebuleni, mkono kiunoni. Uchungu ulikuwa umeanza kubisha hodi tangu alfajiri.

"Mama, si umwambie tu?"

"Mwanangu, hilo neno halisemeki."

"Ni tusi?"

"Si tusi." Akafikiri. "Ni jina lake."

Ilibidi aeleze. Binti alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, halafu uchungu ukamkatiza kicheko, akamshika mama yake mkono na kuubana kwelikweli. Ulipopita alikuwa hacheki tena.

"Nilikuwa nasema hospitalini nitaingia na mama yangu," alisema. "Usiniache kwa sababu ya neno, mama."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mkunga mkuu aliwaza kutuma ujumbe, akaona maandishi yatabaki, wodi nzima itayasoma. Aliwaza kudanganya kwamba amesahau. Lakini aliyesahau itabidi arudi akaijenge makro upya. Alikwenda jikoni, akafunga mlango, akapiga.

"Nakusikia, dada," ilisema ile sauti. Mkunga mkuu akaisogeza simu mbali kidogo na sikio, kwa mazoea. "Niko peke yangu ofisini. Mlango nimefunga."

"Nusu yangu," alianza. "Kabla sijaitaja, nakuomba radhi. Niliiandika nikiwa na hasira. Na nilikushuku bure, sina ushahidi hata leo. Nina aibu."

"Taja, niandike."

"King'ora," alisema mkunga mkuu, sauti ikiwa chini kabisa. "Halafu, nyamaza. Yote kwa pamoja, herufi ndogo."

Upande wa pili hakikusikika kitufe hata kimoja kikibonyezwa.

"Dada," alisema msaidizi, "nimeshafungua kabla hujapiga. Jina la muuguzi mpya nimeliweka, ratiba iko mezani kwa metroni."

"Umefunguaje?"

"Unadhani sijui mnaniitaje? Nina sauti, masikio yangu hayana kasoro. Nilijaribu jina peke yake, ikakataa. Nikajiuliza, huyu siku ile angependa nifanye nini? Ikafunguka."

"Sasa mbona ukaniacha nitaabike?"

"Nilitaka nikusikie ukinitamkia. Basi, yameisha. Kakae na mtoto."

Mkunga mkuu alijifuta macho kwa taulo la vyombo. Kisha udadisi ukamshinda. "Na nusu yako je?"

"Hiyo baki hivyo hivyo bila kuijua. Ukiijua ugomvi utaanza upya."

Jioni ile, katika hospitali ya ugenini, mkunga mkuu alisimama pembeni na taulo lake kama alivyoomba, akiuma ulimi asimfundishe mkunga wa watu kazi. Mtoto alitoka, wa kike, akavuta pumzi moja na kupiga yowe ambalo liliwatoa watu wa vyumba vya jirani hadi ukumbini. Bibi yake alimfunga kwenye taulo akilia waziwazi, bila kujificha.

Baadaye, mtoto akiwa kifuani kwa mama yake na bado analalamika, mkunga mkuu aliandika ujumbe kwa kidole kimoja: Tumepata king'ora kingine.

Jibu halikukawia.

Huyo asiambiwe anyamaze.